Woga Ukiingia Sokoni: Magonjwa Makuu na Biashara Katika Nchi ya Kasongo na Kabambare

Mtu akitaka kujua hali ya mji, aende sokoni asubuhi, atazame vikapu. Kikapu kikitoka na chumvi, sabuni, samaki wakavu na kipande cha kitenge, huyo mama anatumaini kwamba kesho itakuwapo. Kikitoka na chumvi peke yake, na fedha iliyobaki imefungwa katika pindo la kikwembe, hapo pana neno. Yamkini hakuna mtu nyumbani kwake aliye mgonjwa. Lakini amesikia habari, na habari hiyo imemwingia mkononi kabla ya kumwingia mwilini.

Wataalamu wa uchumi hupima mambo haya mwezi kwa mwezi. Huwauliza watu: Je, mwaweza kununua kitanda mwaka huu? Mwaona mambo yatakuwa mema au mabaya? Sisi twaweza kusema kwa kifupi: mtu hununua kwa sababu mbili, ana fedha na ana tumaini. Ugonjwa mkuu waweza kumwachia mtu fedha yake yote na kumnyang'anya tumaini. Na mara soko husimama kama kwamba fedha imekwisha nchini.

Jambo hili si geni kwetu. Nchi yetu ya Kasongo na Kabambare imeliona tangu zamani za misafara, na tumeliona sisi wenyewe mwaka 2020. Yafaa tulichunguze, maana ugonjwa mwingine utakuja, na heri mtu ajifunze kuogelea kabla mto haujajaa.

Soko la zamani

David Livingstone, msafiri na mhubiri wa Kiprotestanti kutoka Uskoti, alifika Kabambare mara ya kwanza mwezi wa Septemba 1869. Katika daftari yake aliandika jina lake Bambarre. Alirudi hapo Julai 1870, miguu yake imejaa vidonda, akakaa mpaka Februari 1871. Yeye mwenyewe alieleza kwamba alipokuwa Maniema alisoma Biblia nzima mara 4. Mtu aliyekaa hivyo mahali pamoja huona mengi, na daftari yake imetuwekea habari ambazo wazee wetu hawakupata nafasi ya kuziandika.

Wakati ule Kabambare ilikuwa kituo katika njia kuu. Misafara ilitoka pwani, ikapita Unyanyembe karibu na Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, kisha ikaja Kabambare na kuendelea mpaka Kasongo na Nyangwe, penye mto Lualaba. Ilileta shanga, kauri, nguo na bunduki. Ilirudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, jambo la kuhuzunisha mpaka leo.

Lakini tusidhani kwamba biashara ilianza na misafara. Wamaniema walikuwa na masoko yao, na masoko hayo yalikuwa na utaratibu. Livingstone alipofika Nyangwe, mwisho wa Machi 1871, alistaajabu. Siku za soko walikuja watu wengi sana, siku nyingine wapata 3,000, na walio wengi ni wanawake. Walileta samaki, muhogo, mawese, chumvi, pilipili, vyungu, kuku na mbuzi. Walibishana juu ya bei, wakacheka, wakataniana, na kila mmoja akashika njia ya kwao kabla ya jua kuchwa.

Neno moja lilimshangaza kuliko yote. Hata vijiji vilipokuwa vinapigana, wanawake wa soko walipita salama. Haikuwa desturi kuwagusa. Basi, hapo tunaona msingi wa soko ni nini. Si shanga wala kauri, wala si banda la kuuzia. Msingi ni imani: naamini kwamba nitafika, nitauza, nitalipwa, nitarudi nyumbani mzima. Ondoa imani hiyo, na soko lote litakuwa uwanja mtupu wenye vumbi.

Kipindupindu chafika Kabambare

Mwaka 1865 kipindupindu kiliwapata mahujaji wengi huko Makka. Kutoka hapo kikaenea katika nchi nyingi za dunia. Upande wetu kilishuka kwa pembe ya Afrika, kikapita katika nchi ya Wamasai, kikafika Pangani, na mwisho wa mwaka 1869 kikaingia Unguja, ambako kiliua watu mpaka katika mwaka 1870. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu wagonjwa Unguja, aliifuatilia njia yake kwa kuwauliza wafanyabiashara na wasafiri, akaandika kitabu juu yake kilichotoka mwaka 1876. Alionyesha wazi kwamba ugonjwa huo ulitembea kwa miguu ya biashara. Palipokuwa na njia ya pembe na nguo, palikuwa pia na njia ya kipindupindu.

Katika mwaka 1870 ugonjwa wa namna hiyo ukaonekana Kabambare pia. Livingstone aliandika kwamba kuku ndio waliokufa kwanza, ingawa aliona huo ni ugonjwa mwingine uliofuatana na ule wa watu. Kisha watu wakaanza kuharisha na kufa. Katika kambi ndogo ya wafanyabiashara walikufa watu 30. Nayo kambi ilikuwa imepungua tayari, maana wenye nguvu walikuwa wamekwenda mbali kutafuta pembe. Ni Wamaniema wangapi waliokufa vijijini? Hakuna aliyewahesabu. Tuwakumbuke hao katika sala zetu, kwa sababu ni wazee wetu, na majina yao Mungu peke yake ayajua.

Fikirini hali ya mahali hapo. Mwenye shanga anazo, lakini anaogopa kwenda kijijini kununua chakula. Mwenye muhogo anao, lakini anaogopa kuuleta kambini. Wote wawili wana kitu, na wote wawili wana haja. Kati yao umesimama woga. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyoweza kuleta njaa mahali ambapo mashamba hayajaharibika.

Uvumi una bei yake

Mwanzo wa Februari 1871 watu 10 waliotumwa kutoka pwani walimfikia Livingstone huko Kabambare. Pamoja nao zikaja habari za msiba wa Unguja. Ilisemwa kwamba kipindupindu kimeua watu 70,000 katika Unguja peke yake. Daktari Christie, aliyekuwapo na kuona, alikadiria hesabu ndogo kuliko hiyo. Lakini ndivyo ilivyo tabia ya habari mbaya: kila kambi inapolala, asubuhi huamka imenenepa. Na mfanyabiashara wa Kabambare hakuwa na njia ya kupima. Ilimbidi aamue mambo ya mali yake kwa hesabu aliyoletewa.

Matokeo yake yalikuwa ya namna tatu, na yafaa tuyatazame moja moja, kwa kuwa tutayakuta tena mbele.

Kwanza, mnunuzi huacha kununua kitu cha kungojea kesho. Mfano wake mbaya kabisa ulionekana katika biashara ya watumwa. Huko Kilwa, wakati wa kipindupindu, bei ya watumwa ilianguka sana. Wanunuzi hawakuwa wameingiwa na huruma. Hakuna tu aliyetaka kutoa fedha yake kwa mtu ambaye huenda akazikwa kesho. Hapa tunaona hatari ya kumpima binadamu kwa bei. Soko lilipoogopa, watu wale hawakuachwa huru. Waliachwa wafe bila kutunzwa, kama mzigo usio na mwenyewe. Mkristo asisahau kwamba bei ya kitu hupanda na kushuka, lakini thamani ya mtu haishuki.

Pili, njia za mali hukatika. John Kirk, wa ubalozi wa Waingereza huko Unguja, alikuwa amempelekea Livingstone vitu kwa msafara. Kipindupindu kiliupata msafara huo, watu wengine wakafa, safari ikakawia. Nguo na shanga zilizongojewa Maniema zilikaa njiani muda mrefu. Mpagazi mmoja akifa Unyanyembe, mwuza mbuzi wa Kabambare hupata hasara, ingawa hawakuonana hata siku moja.

Tatu, mdanganyifu hupata nafasi. Mtu aliyekabidhiwa mali ya Livingstone, jina lake Sherifu, alipofika Ujiji aliiuza yote kwa faida yake. Alidai kwamba amepiga ramli na kuona mwenye mali amekwisha kufa. Livingstone alipofika Ujiji, Oktoba 1871, amechoka na mgonjwa, hakukuta kitu. Katika miaka ile ya vifo vingi, habari ya kifo haikuwa ngumu kuaminika. Na mali ya anayedhaniwa amekufa hugeuka upesi kuwa mali ya aliye karibu nayo.

Risasi za Nyangwe

Tunataka kutaja jambo jingine la mwaka huohuo, ingawa si ugonjwa, kwa kuwa linatuonyesha waziwazi jinsi imani ya soko inavyouawa. Tarehe 15 Julai 1871 watu wapata 1,500 walikuwa sokoni Nyangwe. Watu wenye bunduki wa mfanyabiashara Dugumbe waliingia humo, pakatokea ugomvi, wakaanza kupiga risasi katikati ya wanawake. Watu walikimbilia mitumbwi, wakajitupa katika Lualaba, wengi wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake, na baada ya siku chache akaondoka Nyangwe na kurudi Ujiji kwa moyo mzito.

Desturi ile nzuri ya kutomgusa mwanamke wa soko, iliyojengwa na vizazi vingi, ilivunjwa kwa asubuhi moja. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndugu zetu wa Kabambare ambao katika miaka hii wameyakimbia mashamba na masoko kwa ajili ya watu wenye silaha, hawahitaji kuelezwa neno hili. Na ugonjwa hufanya vivyo hivyo polepole: humfundisha mtu kumwona jirani yake kama nyoka.

Njia moja, mizigo miwili

Baada ya misafara ya pwani ilikuja serikali ya Wazungu, lakini njia zilibaki zilezile, na magonjwa yalizipenda zilezile. Mwaka 1905 daktari kijana wa Kiingereza, Joseph Everett Dutton, alikuja Kasongo pamoja na mwenzake John Lancelot Todd kuchunguza malale na homa ya papasi, wale kupe wa udongoni ambao wengi huwaita kimputu. Wadudu hao walikaa katika nyumba za kulala wasafiri, kandokando ya njia. Dutton mwenyewe alishikwa na homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza, akafa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30.

Habari yake yatufundisha kwamba njia huchukua mizigo miwili, mali na ugonjwa, na hatuwezi kufunga mlango kwa mmoja bila kumzuia mwingine. Ndiyo sababu, katika miaka iliyofuata, watu wa sehemu nyingi za Kongo walizuiwa kusafiri bila cheti cha daktari kwa ajili ya malale. Serikali ilitaka kuuzuia ugonjwa. Lakini mwenye mtumbwi na mwuza samaki waliona jambo jingine: njia ya riziki yao imefungwa. Shida hii haijapata kuisha. Kila mara mtawala anapofunga njia, na afunge kwa sababu njema, mtu fulani nyumbani kwake hukosa chumvi.

Pasaka bila nguo mpya

Sasa tufike mwaka 2020. Tarehe 10 Machi serikali ya Kongo ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona huko Kinshasa. Kuanzia tarehe 19 Machi shule na makanisa yalifungwa, na mikutano ya watu zaidi ya 20 ikakatazwa. Tarehe 24 Machi Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura, na Kinshasa ikatengwa na mikoa. Hali hiyo iliondolewa mwezi wa Julai, lakini makanisa hayakufunguliwa mpaka tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria.

Hesabuni sikukuu zilizopita katikati: Pasaka tarehe 12 Aprili, Pentekoste tarehe 31 Mei, na katika parokia nyingi Komunyo ya kwanza, Kipaimara, ndoa na jubilei. Sisi wa parokia twajua nini hufuatana na sikukuu. Mama hununua kitenge, na kitenge huenda kwa fundi wa cherehani. Fundi hununua uzi, na kwa faida yake hununua mchele. Mwenye mchele hulipa karo ya mtoto, na mwalimu hununua kuku. Sikukuu moja huamsha mikono mingi. Misa ya watu ilipofungwa, mnyororo wote ulilegea. Nani atashona nguo ya Pasaka ya kukaa nyumbani? Fundi hakuugua Korona, lakini cherehani yake ilinyamaza. Wengine walijiokoa kwa kushona barakoa.

Tena kulikuwa na shida ya njia. Mchele, muhogo, karanga na mawese twavitoa katika mashamba yetu. Lakini sabuni, sukari, nguo, betri na dawa hutoka mbali. Mfanyabiashara asipokuja, mchele wa mkulima hukosa mnunuzi na bei yake hushuka. Lori lisipokuja, sabuni hupungua na bei yake hupanda. Mkulima hubanwa kama kitu kati ya makali mawili ya mkasi: auzacho kimekuwa rahisi, anunuacho kimekuwa ghali. Juu ya hayo, franka yetu ilidhoofika mwaka ule. Mwanzo wa 2020 dola moja ilikuwa karibu franka 1,700. Mwisho wa mwaka ilikuwa karibu franka 2,000. Mwenye fedha kidogo nyumbani aliiona ikiyeyuka kama mafuta juani.

Katika nchi tajiri mambo yalikwenda namna nyingine. Huko watu wengi waliendelea kupata mshahara au msaada wa serikali, lakini waliogopa, tena maduka yalikuwa yamefungwa. Basi fedha zikajaa benki. Mwezi wa Aprili 2020 watu wa Marekani waliweka akiba karibu sehemu moja ya tatu ya mapato yao, jambo lisilo la kawaida kwao. Kwanza walikuwa wamenunua kwa hofu vitu vingi vya kuweka ndani, hata karatasi za chooni zikaisha madukani. Baadaye woga ulipopungua, fedha ile ikatoka kwa wingi.

Sisi hatukuwa na akiba ya kujaza benki. Woga wa tajiri humfanya aweke. Woga wa maskini humfanya auze. Huuza mbuzi aliyekuwa wa karo, huuza baiskeli aliyokuwa akisukumia mizigo, hula mbegu zilizokuwa za msimu ujao. Na tofauti yake ni kubwa. Tajiri akipona woga, anayo fedha ya kurudi nayo sokoni. Maskini akipona woga, hana tena chombo cha kumrudisha. Ndiyo maana ugonjwa ukiisha hospitalini, katika nyumba za maskini haujaisha bado.

Na ni nini kilichowasaidia wengi kuvuka? Deni dogo la jirani. Tunamaanisha kikombe cha mafuta cha kulipa baadaye, na kipimo cha mchele kinachoandikwa katika daftari ya mwenye duka. Tunamaanisha pia likelemba, ambapo kila mmoja hutoa kiasi chake na zamu humfikia kila mtu. Mambo hayo hayahitaji benki. Yanahitaji imani tu. Mahali ambapo mtu wa kwanza kupata zamu ya likelemba aliendelea kutoa sehemu yake, watu walisimama. Mahali alipokula zamu yake na kukimbia, chama kilikufa, na mpaka leo watu wa hapo ukiwatajia likelemba hutikisa kichwa.

Askofu wa Milano

Kanisa nalo lina kumbukumbu ya mambo haya. Mwaka 1576 tauni iliingia katika mji wa Milano, nchi ya Italia. Wakubwa wengi wakakimbia mji pamoja na fedha zao. Matajiri walipoondoka, kazi zikasimama, na mafundi na watumishi wakabaki bila mshahara. Wengi wakawa hatarini kufa njaa kabla ya kufa kwa tauni.

Askofu wao, Mtakatifu Karolo Boromeo, alikaa. Alitoa mali yake kulisha watu, hata akakopa. Mapazia na vitambaa vya fahari vya nyumba yake akaviamuru vishonwe nguo za maskini. Watu walipofungiwa nyumbani, aliweka altare njiani penye njia panda ili waione Misa kutoka madirishani. Sisi tuliokosa Misa mwaka 2020 twaelewa vema maana ya dirisha lile.

Wengi humsifu Karolo kwa huruma yake, na ni haki. Lakini tutazame pia akili yake. Mji mzima ulikuwa ukiuliza swali moja: Je, kesho itakuwapo? Kila aliyekimbia alijibu hapana. Askofu kwa kukaa alijibu ndiyo. Pazia lililokuwa limening'inia bure likawa nguo juu ya mgongo wa mtu, na mtu yule akajua kwamba hajaachwa.

Tumaini hurudije?

Watu hudhani kwamba serikali ikitangaza ugonjwa umekwisha, soko litajaa siku ileile. Sivyo. Tumaini huja polepole, kwa ushahidi.

Tuna mfano jirani kabisa. Mwaka 2023 aina mpya ya mpox ilizuka Kamituga, mji wa dhahabu katika Kivu ya Kusini. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hatari kwa ulimwengu wote, na tangazo hilo halikuondolewa mpaka Septemba 2025. Watu waliogopa kupeana mikono, wakaogopa nguo za mitumba, wakaogopa nyama ya porini ambayo ni chakula na biashara ya nyumba nyingi za Maniema.

Lakini katika mkoa wetu huohuo, huko Tunda, upande wa Kibombo, na pia Kole katika Sankuru, madaktari walikuwa wakijaribu dawa ya ugonjwa huo kwa wagonjwa 597. Matokeo yalitangazwa Agosti 2024. Dawa yenyewe haikuharakisha kupona kwa vidonda kama ilivyotumainiwa. Hata hivyo lilionekana jambo la kufurahisha. Waliokufa kati ya wagonjwa hao wote, waliopewa dawa na wasiopewa, walikuwa 1.7 tu kwa mia, pungufu kuliko ilivyo kawaida nchini, ambapo hufa 3.6 kwa mia au zaidi. Sababu ni kwamba walilazwa na kutunzwa vizuri: walipewa chakula, vidonda vyao vikasafishwa, magonjwa yao mengine yakatibiwa.

Hapo pana fundisho kubwa. Utunzaji wenyewe ni dawa. Na kila mgonjwa anayerudi nyumbani mzima ni tangazo lenye nguvu kuliko la redio. Mama akimwona mtoto wa jirani aliyekuwa na vidonda sasa anacheza, mkono wake hulegea katika pindo la kikwembe. Atanunua tena.

Basi, ndugu, hatuwezi sisi wa vijijini kuzuia kila ugonjwa usifike. Mwaka 2025 kipindupindu kilekile cha zamani kimeitesa tena mikoa kadhaa ya Kongo, na Maniema ni mmojawapo. Lakini kuna mambo yaliyo mikononi mwetu, na tuyaweke tayari wakati wa afya.

Mwuzaji asibadilishe kipimo. Bei ikipanda kwa sababu lori limechelewa, awaeleze watu kweli. Wataudhika, lakini watarudi. Aliyepandisha bei ya chumvi mara tatu kwa sababu watu wanaogopa, amepata faida ya mwezi mmoja na kupoteza wateja wa miaka kumi. Mwenye deni alipe, hata kidogo kidogo, maana anayelipa wakati mgumu humfungulia mlango mwenzake wa nyuma. Wenye likelemba waandike katika daftari, nayo isomwe mbele ya wote. Anayepokea habari katika simu yake asiipeleke mbele mpaka amemwuliza muuguzi wa kituo cha afya, kwa sababu tumeona jinsi hesabu ya 70,000 ilivyofika Kabambare. Na jumuiya zetu za msingi ziwe na kawaida ya kumtembelea kwanza yule ambaye kazi yake imesimama: fundi, mwenye hoteli ndogo, mpiga ngoma wa harusi. Huyo haonekani katika hesabu ya wagonjwa.

Twamkumbuka mjane wa Sarepta katika habari za nabii Eliya. Alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo, na tayari alikuwa amekata tamaa: ale na mwanawe, kisha wafe. Nabii alimwomba kwanza mkate mdogo. Kwa hesabu ya woga, ombi hilo lilikuwa ukatili. Lakini mjane alitoa, na unga haukuisha chomboni. Hatusemi kwamba kila atoaye ataona mwujiza. Twasema kwamba unga unaoshikwa kwa mikono miwili humlisha mtu jioni moja, na unga unaopita kati ya majirani wanaoaminiana umewavusha wengi mpaka mavuno.

Tumwombe Mungu atulinde na magonjwa. Na siku yatakapokuja, kila mmoja wetu ajichunguze kabla ya kwenda sokoni: jirani yangu akiniona leo, je, ataogopa zaidi, au atatumaini zaidi?